Jina la ukoo "Nahodha": babu yenu hakushika usukani na bado alikuwa nahodha

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga ambaye sasa hivi anafanya kazi Dubai. Nalifupisha kidogo maana lilikuwa refu:

"Shikamoo mwalimu. Ukoo wetu ni wa kina Nahodha. Kila mtu ananiambia hiyo maana yake ni kapteni wa meli, lakini bibi yangu mzaa baba anasema babu yake, yule aliyetuachia hili jina, hakuwahi kushika usukani hata siku moja na bahari ilikuwa inamlevya, akipanda chombo anatapika. Sasa huo unahodha aliupata wapi? Halafu huku kazini kuna Mhindi wa Surat kitambulisho chake kimeandikwa Nakhuda, na dada mmoja wa Indonesia kanambia kwao nakhoda ndo kapteni. Je mimi na huyo Mhindi ni ndugu wa damu? La mwisho, paspoti yangu inasema Nahoda na cheti cha kuzaliwa kinasema Nahodha, lipi ndo sahihi?"

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, maana hili neno nimelifuatilia miaka mingi na ni mara chache napata mtu anayeliuliza akiwa tayari na kielelezo mkononi. Na kielelezo chenyewe ni maneno ya bibi yako. Wengi wangemwambia bibi amesahau, uzee huo. Mi nakwambia bibi hajasahau kitu, tena kakupa maana ya zamani kuliko hiyo ya kwenye kamusi.

Tuanze na asili yake halafu tutarudi kwa babu.

Neno limetoka Uajemi. Ni maneno mawili yaliyogandana, nav au nau ambayo ni chombo cha majini, na khoda ambayo ni bwana, mola, mwenye kitu. Mpaka leo Mwajemi anaposema Khoda anamtaja Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo nahodha ukilifungua ni mola wa chombo, mwenye chombo. Hebu liangalie vizuri, humo ndani hakuna usukani, hakuna tanga wala dira. Kuna umiliki na mamlaka basi. Watu wa Ghuba wakalichukua, wakalitamka nokhadha, na wingi wake nawakhidha, na huko uliko Dubai ukienda pale Creek yalipofunga majahazi ukamuuliza mzee yeyote wa Kiarabu nokhadha ni nani atakuonesha kwa kidole.

Sasa hapa kuna kitu kidogo ambacho nataka ukishike maana ndo jibu la swali lako la mwisho. Waajemi wanasema d, nakhoda. Wahindi wa Gujarat wanasema d, nakhuda. Wamalay na Waindonesia d vilevile, nakhoda. Sisi tunasema dh. Hiyo dh tumeitoa kwa Waarabu, wao ndo wanaliandika kwa herufi yao ya dhali. Maana yake neno lilivyofika Tanga, Pemba, Lamu na Kilwa halikuletwa moja kwa moja na mabaharia wa Shiraz wala wa Surat, lilipita kwanza mdomoni mwa Mwarabu wa Oman, wa Ghuba au wa Hadhramaut, halafu na sisi tukailainisha ile kh ikawa h kama tulivyofanya kwenye habari na hatari. Herufi moja tu mwanangu, na inakuonesha njia nzima ambayo neno lilisafiri.

Haya, turudi kwa babu aliyekuwa anatapika.

Zamani kwenye bahari ya Hindi kazi za melini zilikuwa zimegawanywa vizuri sana. Abul Fazl, yule waziri wa mfalme Akbar kule India, mwishoni mwa karne ya 16 aliorodhesha watu wote wa kwenye meli na kazi zao. Wa kwanza kwenye orodha ni nakhuda, na anamweleza kwamba ni mwenye meli, ndiye anayeamua chombo kiende wapi. Wa pili ni muallim, huyu ndo anayejua kina cha maji na nyota na ndiye anayekifikisha chombo kinakokwenda. Halafu anakuja tandil ambaye ni mkuu wa mabaharia, sarhang, karrani ambaye ni mtu wa mahesabu, sukkangir mshika usukani, mpaka yule wa kupanda juu ya mlingoti kuangalia nchi kavu na yule wa kumwaga maji yanayoingia ngamani, chini kabisa ya chombo. Ukiisoma hiyo orodha na wewe ni Mswahili unajisikia uko nyumbani kabisa, maana karrani ni karani wetu, sarhang ni serahangi, sukkan ni sukani, na muallim ni mwalimu. Ndiyo, mwalimu huyuhuyu! Kabla mwalimu hajasimama mbele ya ubao alikuwa pia anasimama kwenye tezi, nyuma ya jahazi, usiku anasoma nyota.

Hapa naomba uniruhusu nitoke nje ya swali kidogo, ni kwa faida yako. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mfalme wa pale alimpa mtu wa kumuongoza mpaka Calicut, wakaondoka tarehe 24 Aprili wakavuka bahari kwa kama siku 23. Watu wengi mpaka leo wanafundishana kwamba huyo mtu alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa Julfar aliyeandika mashairi na vitabu vya uanabahari. Sio yeye. Mwandishi wa Kireno João de Barros anasema alikuwa mtu wa Gujarat na anamtaja kwa jina la Malemo Cana. Wareno waliliandika kama jina la mtu, lakini Malemo ni muallim, na hiyo Cana wataalamu wanaihusisha na neno la Kihindi la mtu wa nyota, kanaka. Yani yule mtu kaingia kwenye historia ya dunia bila jina lake, kaingia na kazi yake tu. Kila nikiifikiria inaniuma, mtu kafanya safari kubwa vile na jina alilopewa na mamaye halijulikani. Nimekuletea hiyo kwa sababu ni jambo lilelile lililoupata ukoo wenu: kazi imekaa mahali pa jina mpaka watu wakadhani ndo jina.

Kwa hiyo hesabu ni hii, mwalimu anajua njia, msukani anashika usukani, nahodha ni mwenye mali au anayeisimamia hiyo mali. Na mwenye mali si lazima apande chombo! Kwenye barua za wafanyabiashara zilizokutwa Cairo, zile za sinagogi la Fustat, nyingi za karne ya 11 na 12, neno nakhuda linatajwa mara kwa mara na wengine wanaoitwa hivyo ni matajiri wa Aden waliokaa zao nyumbani wanasubiri meli zirudi, na wapo Mayahudi humo wanaitwa manahodha, kwa hiyo usije ukadhani ni cheo cha dini au kabila fulani. Mkubwa kuliko wote wa zama hizo ni Ramisht wa Siraf, pwani ya Uajemi, aliyefariki mwaka 1140. Huyu meli zake zilikuwa zinajulikana toka India mpaka Aden, utajiri wake ulifika mahali akaigharamia Kaaba kiswa, lile vazi lake la kitambaa. Cheo chake kwenye maandishi? Nahodha. Sidhani kama kuna aliyethubutu kumuuliza mara ngapi ameshika usukani.

Ibn Battuta naye, huyu aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Calicut kama miaka kumi baadaye alikuta watu wanamzungumzia nahodha Mithqal, tajiri mwenye meli nyingi zinazofanya biashara na China, Yemen na Uajemi. Msikiti unaobeba jina lake upo Kozhikode mpaka leo, wa mbao ghorofa kadhaa, Wareno waliuunguza sehemu mwaka 1510. Na huko Somnath, Gujarat, kuna maandishi ya mwaka 1264 kwenye mawe, ya Kisanskriti na ya Kiarabu, yanayoeleza nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz alivyonunua ardhi na kujenga msikiti, kwa ridhaa ya wakubwa wa Kihindu wa mji. Hawa wote ni manahodha wa daftari na mizani.

Lakini sitaki uondoke na fikra kwamba nahodha hakuwa mtu wa bahari kabisa, hapana, maana neno liliendelea kusogea. Vyombo vilivyokuwa vidogo, tajiri mmoja akiwa na jahazi moja au mawili, kazi zilianza kuunganika, mwenye mali akawa anasafiri na mali yake, na akichoka kusafiri anamuweka mtu wake, mwanawe au mpwa wake au mtumishi anayemuamini, na huyo naye anaitwa nahodha ingawa chombo si chake. Na kwa kuwa yuko melini kila siku na mwalimu wa nyota kumlipa ni gharama, nahodha akajifunza njia mwenyewe. Hapo ndo maana ya pili inapozaliwa, nahodha kwa maana ya mkuu wa safari anayejua bahari, na hiyo ndo iliyobaki kwenye masikio yetu wote.

Nikupe kisa nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa bado kijana, nimeenda bandari ya majahazi pale Malindi, Unguja, na daftari langu la kukusanya maneno. Limeingia jahazi kutoka upande wa Mafia, limejaa nazi na magunia. Kijana aliyekuwa kwenye usukani kalileta taratibu kwenye ule msongamano kwa ustadi ambao sijausahau, anatazama nyuma anatazama mbele, mguu mmoja ameukaza ubaoni. Nikamfuata nikamwamkia nikamuuliza, wewe ndo nahodha? Akatikisa kichwa. "Mi msukani tu, nahodha yule pale." Nikageuka, namuona mzee kakaa juu ya gunia chini ya turubai, miguu haina viatu, kashika daftari la shule lililofungwa kwenye nailoni lisilowe, penseli kaitia nyuma ya sikio. Kila gunia likipanda bega la mchukuzi anavuta mstari, mistari minne halafu wa tano anaukatiza juu ya wenzake. Hasemi kitu. Mara likatoka gunia limelowa, halafu la pili nalo limelowa, mwenye mzigo akaanza kupiga kelele, sukari yangu imekuwa uji, nani atanilipa. Wale mabaharia wote wakanyamaza, hata yule msukani, wote wakamtazama mzee. Mzee hakubishana, hakuuliza nani alisahau kufunika. Akasema, "Maji yameingia chomboni kwangu." Akatia mkono kwenye kikoi akatoa pesa akahesabu mbele ya watu, halafu akarudi kwenye mistari yake.

Nilifunga daftari langu siku ile. Mwenye kujibu ndo nahodha. Kama babu yenu alikuwa anakaa Tanga mjini, bahari inamlevya, lakini gunia likilowa watu wanakuja kubisha hodi kwake, basi alikuwa nahodha halali na bibi yako kasema kweli.

Kule Ghuba unahodha ulikuwa na uso mwingine ambao si mzuri sana na haifai tuufiche. Enzi za kuzamia lulu, Kuwait, Bahrain na hizo pwani za Dubai na Abu Dhabi, nokhadha ndiye aliyekuwa anawakopesha wazamiaji pesa ya kuacha nyumbani kabla ya msimu, na msimu ukiisha anahesabu lulu anakata deni lake kwanza. Msimu mbaya mzamiaji anabaki anadaiwa, mwakani hana budi arudi kwa nahodha yuleyule, na mara nyingi nahodha mwenyewe naye anadaiwa na tajiri wa mjini, deni juu ya deni. Lulu za kufugwa za Japani na ile hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1930 ndo zilizoimaliza hiyo biashara. Ukimuuliza mzee wa huko ambaye baba yake alikuwa mzamiaji, neno nokhadha kwake lina heshima na lina uchungu papohapo. Huku kwetu nahodha hana huo uchungu sana, labda kwa sababu mtindo uliozoeleka kwenye vyombo vingi ni wa mafungu: unatoa gharama za chakula na mengineyo, kinachobaki kuna fungu la chombo, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia, na wavuvi wetu wa Tanga na Pangani mpaka kesho asubuhi wanagawana hivyo.

Na manahodha wa Ghuba walikuja huku kila mwaka, wanashuka na kaskazi wanarudi na kusi, hili bibi yako analijua. Msimu wa 1938 kuingia 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu, jahazi kubwa la Kiarabu, la Kuwait pale Aden, nahodha wake Ali bin Nasir al-Najdi, wakaja na abiria mpaka Mombasa na Unguja halafu wakaingia delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko, wakazipeleka Ghuba kuezekea nyumba, maana kule miti hakuna. Boriti zile za Rufiji ndo zilizofanya vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain viwe vyembamba karibu sawasawa vyote, chumba kilikuwa hakizidi urefu wa boriti. Nahodha wa safari kama ile alikuwa mfanyabiashara mara nyingi kuliko alivyokuwa baharia. Bandarini anashuka, anakaa barazani kwa watu, anauza tende na chumvi na mazulia, anatafuta shehena ya kurudi, chombo kakiachia wasaidizi wake.

Kwa huyo dada wa Indonesia, mwambie ana haki kabisa. Kwao neno limepanda juu zaidi. Kwenye sheria za bahari za Malaka, ule ufalme wa zamani wa Wamalay, za enzi za masultani, nakhoda akiwa baharini anahesabiwa kama mfalme, mshika usukani wake ni kama waziri mkuu na mpima kina ni kama mkuu wa polisi wa mji. Na Brunei wana sultani wao wa tano, Bolkiah, aliyetawala toka 1485 mpaka 1524, wanamuita Nakhoda Ragam, nahodha mwenye nyimbo, kwa kupenda kwake safari na muziki. Fikiria, sultani mzima na sifa anayopewa ni ya unahodha. Leo kwenye sheria za Indonesia nakhoda ndo mkuu wa meli, rasmi. Waajemi wenyewe wamelipeleka jeshini, nakhoda ni cheo cha afisa wa jeshi la majini la Iran, kina madaraja matatu.

Huku kwetu limeenda uwanjani. Timu ya mpira ina nahodha, kitambaa kinaitwa cha unahodha, Mbwana Samatta alipokivaa akiwa na Taifa Stars hakuna aliyeuliza jahazi liko wapi. Hii naipenda kusema kweli, watangazaji wangeweza kubaki na kapteni, na wengine wanasema kapteni, lakini nahodha limeshinda. Rubani naye kapata safari yake, zamani alikuwa mwongoza chombo baharini, sasa watu wengi wanamjua wa angani tu.

Sasa jina la ukoo. Hapa ndo nataka uwe makini, maana ndo pa kukosea.

Pwani kwetu jina la kazi au la cheo kuwa jina la mtu ni jambo la kila siku: Jumbe, Mwinyi, Akida, Diwani, Fundi, Mwalimu. Zanzibar alikuwepo Rais Aboud Jumbe, alikuwepo Waziri Kiongozi Shamsi Vuai Nahodha toka 2000 mpaka 2010. Lakini kwa nje huwezi kujua lile jina limeingiaje kwenye familia, kwa sababu zipo njia nyingi na zote zinafanana ukishafika kwenye cheti. Inawezekana mtu alikuwa na chombo. Inawezekana aliendesha chombo cha mtu mwingine. Inawezekana baba alimpa mtoto jina Nahodha siku anazaliwa kwa kumtakia mema tu, kama vile mtu anavyomuita mwanawe Sultani na hana ufalme. Inawezekana alizaliwa chomboni. Inawezekana ni jina la utani la mtaani, mtu anapenda kuongoza wenzake wakamuita nahodha likamganda. Na kwa mtindo wetu wa jina lako, la baba, la babu, ikafika zama za shule na vitambulisho lile la tatu likakamatwa likaitwa la ukoo, wakati kumbe lilikuwa ni jina la mtu mmoja tu na ndugu zake wengine wajukuu zao leo wana jina lingine kabisa. Ndo maana unaweza kuwa na ndugu wa damu kabisa Tanga hapohapo ambao hawaitwi Nahodha, na kuna Nahodha wa Pemba ambaye hamna hata tone la damu moja.

Ukishaelewa hiyo, suala la Mhindi wa Surat linajijibu. Surat ilikuwa bandari kubwa mno enzi za Wamughal, mahujaji wa India walikuwa wanapandia hapo, na kwenye pwani yote ile kuanzia Gujarat kushuka Konkan kuna koo za Kiislamu zinazoitwa Nakhuda na Nakhwa, na hata Wakoli ambao ni wavuvi wa Mumbai na wengi wao ni Wahindu mwenye mashua wanamuita nakhwa. Kolkata kuna msikiti mkubwa maarufu unaitwa Nakhoda, jiwe la msingi liliwekwa 1926, uliojengwa na Wamemon wa Kutch, watu wa biashara ya majini. Hakuna babu mmoja aliyewazaa wote hao. Ni kama kina Fundi, kila kijiji kilikuwa na fundi wake. Kwa hiyo huyo jamaa sio ndugu yako wa damu kwa sababu ya jina, ila babu zenu walikuwa na kazi moja kwenye bahari moja, na inawezekana kabisa walipeana salamu na bei ya nguo kwenye bandari fulani, na hiyo mimi naihesabu ni kitu kikubwa, mkaribishe chai.

Unataka kujua ukoo wenu ni nahodha wa aina gani? Usimuulize bibi "babu alikuwa nahodha kweli?", atakujibu ndiyo na mazungumzo yataisha. Muulize chombo kilikuwa cha nani. Kiliitwaje, maana vyombo vilikuwa na majina na wazee hawasahau jina la chombo hata wakisahau la mtu. Kilikuwa jahazi, mashua, au dau? Kilikuwa kinabeba nini, na msimu gani babu alikuwa hayupo nyumbani. Kama jibu ni kwamba babu alikuwepo nyumbani mwaka mzima lakini kaskazi likiingia nyumba inajaa wageni na magunia, huyo ni nahodha mwenye mali. Muulize pia nani alikuwa "mtu wake" chomboni, huyo ndo atakuwa nahodha wa pili, na pengine kizazi chake nacho kinaitwa Nahodha kama nyinyi. Halafu muulize kama kuna karatasi. Vyombo vilikuwa na karatasi, na kulikuwa na ugomvi mkubwa juu yake, mpaka Uingereza na Ufaransa walipelekana The Hague na hukumu ikatoka mwaka 1905 juu ya majahazi ya Oman, hasa ya watu wa Sur, yaliyokuwa yanapeperusha bendera ya Kifaransa. Kwenye karatasi za aina hiyo mwenye chombo na nahodha wanaandikwa, na mara nyingine ni watu wawili tofauti, hapo ndo utajua. Ukija likizo pitia Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, nenda na jina la chombo, sio jina la babu peke yake.

Na paspoti. Kisheria wewe ni yule aliyeandikwa kwenye hati zako, kwa hiyo usiache zikapishana, utakuja kupata tabu siku ya viza au ya mirathi, nenda uhamiaji na cheti chako cha kuzaliwa walinganishe. Na ukilinganisha, fuata cheti, Nahodha, na dh yake. Nahoda ni mtu wa kompyuta kaacha herufi. Mi ningekuwa wewe nisingekubali hiyo h ipotee, kwa sababu nimekwambia hapo juu, Mhindi hana, Mwindonesia hana, sisi tunayo, tumeipata Ghuba hukohuko unakofanya kazi sasa hivi.

Bibi mpigie leo, muulize chombo kiliitwaje, halafu niandikie.